Fomu ya afya ya baharia: jinsi ya kuisoma ili ujue mapema nani anaweza kuugua majini

Fomu ya uchunguzi wa afya ya baharia ina kurasa kadhaa, lakini karibu kila mtu anasoma mstari mmoja tu, ule wa mwisho: anafaa au hafai. Mwenye chombo anataka mhuri. Baharia mwenyewe anataka mhuri. Sisi wa zahanati nasi foleni inatusukuma, tunagonga mhuri na kuita mwingine. Presha, uzito, sukari, mkojo, meno, magonjwa ya zamani, vyote vinalala ndani ya faili mpaka siku fundi wa injini anapoanguka ziwani, katikati ya bandari za Lutoboka na Nakiwogo, na watu wanaulizana: si alipimwa juzi tu akaonekana mzima?

Mara nyingi jibu lilikuwa kwenye fomu ile ile. Halikusomwa.

Nawaandikia wanaopima mabaharia hapa Uganda: zahanati za karibu na Portbell, Entebbe na Jinja, vituo vya afya vya visiwani, wenye boti za abiria na mizigo, na wale wanaowapima vijana wetu wanaopitia Mombasa kwenda kufanya kazi kwenye meli za bahari kuu. Huhitaji mtambo mkubwa. Kompyuta moja yenye Excel, rundo la fomu na uvumilivu wa miezi michache vinatosha kuanzia.

Hatua ya kwanza: amua unatabiri nini

Ukisema "kuugua" tu umeshapotea. Mafua ni kuugua, na kutapika damu ni kuugua. Chagua tukio ambalo watu wawili wakilisoma watakubaliana kama lilitokea au halikutokea. Mimi natumia hili: ndani ya miezi 12 baada ya uchunguzi, baharia alikosa zamu siku moja au zaidi kwa ugonjwa, au alishushwa chomboni, au chombo kilibadili safari kwa sababu yake. Ajali kama kuteguka, kukatwa na kamba au kuungua kwenye injini ziandike pembeni katika safu yake. Ni nyingi na zinaumiza, ila sababu zake ziko zaidi kwenye sitaha kuliko kwenye mwili wa mtu.

Uwe mkweli pia kuhusu yasiyotabirika. Kidole tumbo huja bila kubisha hodi, na hakuna namba kwenye fomu itakayokuonya. Yanayotoa dalili mapema ni presha, kisukari, pumu, kifafa, ngiri, vidonda vya tumbo, mawe ya figo kwa mtu aliyewahi kuyapata, na meno yaliyooza. Meno watu huyadharau sana. Jino linalouma usiku wa pili wa safari, bandari ikiwa siku kumi mbele, linamtoa mtu kazini sawasawa na malaria, na lilionekana wazi kabisa siku alipofungua kinywa mbele yako.

Hatua ya pili: ingiza fomu kwenye jedwali, na usiamini kila namba

Mstari mmoja uwe uchunguzi mmoja, si mtu mmoja. Baharia aliyepimwa mara tatu ana mistari mitatu, yote ikibeba namba yake ya siri badala ya jina. Daftari linalounganisha namba na jina likae kabatini, mbali na kompyuta. Kwa mabaharia wa bahari kuu, Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unataka cheti cha afya kisizidi miaka miwili, na mwaka mmoja kwa walio chini ya miaka 18, kwa hiyo mtu aliyefanya kazi miaka sita atakuwa na mistari isiyopungua mitatu. Utajiri uko hapo, nitaurudia mbele.

Angalia vipimio. Maabara moja huandika sukari kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita. Ukiona 7 kwenye fomu moja na 126 kwenye nyingine, ni sukari ile ile, maana unazidisha kwa 18. Chagua kipimio kimoja, geuza zote, kisha andika kama mtu alipimwa akiwa hajala au ameshakula. Pasipo neno hilo namba ya sukari haisomeki. Nafasi tupu iache tupu. Usiweke sifuri, kwa sababu kompyuta itadhani mtu ana sukari sifuri.

Halafu presha. Nilipoanza kuingiza fomu za zamani kutoka mahali fulani, nilifikia rundo ambalo watu kumi na tisa mfululizo walikuwa na 120/80. Kijana wa sitaha 120/80. Mpishi wa kilo 104, 120/80. Mzee wa injini ambaye sote tunajua anameza dawa ya presha kila asubuhi, 120/80. Hakuna aliyefunga kipimo mkononi mwa mtu yeyote siku ile. Niliumia sana, kwa sababu kila namba ile ilikuwa mtu aliyerudi nyumbani akiamini amepimwa. Kabla ya kuhesabu lolote, panga safu ya presha kwa mpangilio na uangalie tarakimu za mwisho. Zikiwa karibu zote ni sifuri, aliyepima alikuwa akikadiria. Zikijirudia zile zile mfululizo, hakupima kabisa. Hizo zifute ziwe nafasi tupu, kwa sababu namba ya kubuni itakudanganya kuliko kukosa namba.

Na kuanzia leo pima vizuri. Mtu akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, na asiongee. Asipimwe mara baada ya kupanda kutoka gatini na gunia begani. Pima mara mbili, andika zote mbili kama mashine ilivyosema, hata ikiwa 137/83. Kwa mwenye mkono mnene tafuta kitambaa kipana cha kufungia, kwa kuwa kidogo humpandisha presha asiyokuwa nayo.

Hatua ya tatu: ongeza maswali ya maji yetu

Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Kimataifa la Bahari walitoa mwaka 2013 mwongozo wa kupima mabaharia, na fomu nyingi zinatokana nao. Ni mwongozo mzuri, utumie. Lakini ulikusudiwa meli za bahari kuu za dunia nzima, na haukuandikwa kwa ajili ya mtu aliyekulia visiwani Kalangala au Buvuma akioga ziwani tangu utotoni. Tukichukua orodha ya hatari iliyopatikana kwa mabaharia wa Ulaya tukaibandika hapa, tutampata mwenye moyo mbovu na kumkosa mwenye kichocho.

Kichocho cha Ziwa Nyanza (Viktoria) ni kile cha matumbo. Miaka ikipita, mayai ya wadudu hujeruhi ini, damu inayopita kwenye ini inazuiwa, mishipa ya koo la chakula inavimba, na siku moja inapasuka. Mtu anatapika damu. Anaweza kuwa amefanya kazi nzito jana yake bila kulalamika. Fikiria yuko kwenye boti ya mizigo usiku, hospitali iko saa tatu au nne mbele yake, na ziwa limechafuka.

Dalili yake unaweza kuigusa kwa vidole. Mlaze mtu chali, akunje magoti, weka mkono wako chini ya mbavu za kushoto, mwambie avute pumzi taratibu. Kitu kigumu, laini kwa juu, kikishuka na kugonga ncha za vidole vyako, hilo ni wengu lililokua. Malaria ya kujirudia nayo hukuza wengu, hivyo usitoe hukumu hapo hapo. Muulize kama amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, na mara ya mwisho kumeza prazikwanteli ilikuwa lini. Kisha mpeleke apigwe picha ya ini. Kumpa vidonge peke yake, dozi ya kawaida ikiwa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kunaua wadudu, lakini hakufungui mishipa iliyokwisha kuvimba. Katika jedwali ongeza safu tatu: wengu, damu, na tarehe ya dawa.

Kwa anayekwenda baharini, swali letu kubwa ni malaria, na hapa mambo yanakwenda kinyume na watu wanavyodhani. Malaria kali huchukua siku saba mpaka mwezi hivi tangu mbu aume hadi homa kuanza. Kijana anaondoka Luweero mzima, anapimwa Mombasa mzima, anapanda meli, na wiki ya pili homa inampiga mahali ambapo ofisa wa dawa hajawahi kuona malaria maishani mwake na anadhani ni mafua. Tena aliyekaa baharini miezi tisa kinga yake imepungua. Akija likizo nyumbani hana tena ule ugumu aliokuwa nao. Andika basi tarehe aliyolala mara ya mwisho kwenye eneo la malaria, na siku ngapi zitapita kabla ya kupanda meli. Hiyo ni data ya kutabiri kama presha ilivyo.

Hatua ya nne: tafuta daftari la chombo

Kazi nzito ipo hapa, na wengi huishia hapa. Fomu zinakuambia mtu alivyokuwa siku ya kupimwa. Bila kujua yaliyompata baadaye, huna cha kutabiri. Meli kubwa zina kumbukumbu za matibabu, kwa sababu mkataba ule ule unataka meli isiyo na daktari iwe na mtu aliyepewa jukumu la tiba. Boti zetu nyingi hazina. Daftari moja nililoletewa lilikuwa limevimba kwa maji, wino umetambaa, na ndani yake mna maneno kama "kichwa, Panadol 2" na "tumbo, ameshuka". Ameshuka wapi? Alirudi lini? Hakuna.

Wape daftari lenye safu sita tu na penseli, maana penseli haitambai kwa maji: tarehe, namba ya baharia, alilalamika nini, alipewa nini, siku alizokosa kazi, alishushwa wapi. Mkabidhi nahodha mwenyewe, ukae naye mjaze pamoja tukio moja la kweli la mwezi uliopita. Ukimtumia tu kwa bodaboda litarudi jeupe. Pitia gatini kila mwisho wa mwezi, na usiogope kuuliza kwa mdomo. Kiswahili kinatosha Portbell, kwani wanaotoka Mwanza na Kisumu wanakizungumza, na mpishi wa chombo kwa kawaida anakumbuka nani hakula siku gani.

Hatua ya tano: hesabu miezi ya majini, si vichwa

Chukua mfano wa kujitungia. Una mabaharia 60. Kati yao 15 walikuwa na presha ya 140/90 au zaidi, na 45 hawakuwa nayo. Mwaka ukaisha, watatu wa kundi la kwanza wamepata tukio, na tisa wa kundi la pili. Ni mmoja kati ya watano kila upande. Utasema presha haina maana.

Sasa hesabu miezi. Wale 15 kwa jumla walikaa majini miezi 90, kwa sababu wengi walipewa kazi za nchi kavu. Wale 45 walikaa miezi 450. Kwa kila miezi 100 ya majini, kundi la kwanza lina matukio 3.3 na la pili 2. Picha imebadilika. Kwa hiyo kila mstari wa jedwali uwe na safu ya miezi aliyosafiri baada ya kupimwa. Asiyesafiri hakupata nafasi ya kuugua majini.

Usikimbilie kushangilia, lakini. Matukio matatu ni machache mno, mmoja tu asingeugua tofauti ingekaribia kutoweka. Tena presha hupanda na umri, na umri peke yake huleta maradhi. Linganisha wenye miaka zaidi ya 45 kwa wenzao, na vijana kwa vijana, ndipo uone kama tofauti bado ipo. Zahanati ndogo ikae na data ya miaka mitatu au minne kabla ya kusema neno, au iungane na zahanati jirani wakitumia fomu moja.

Hatua ya sita: tengeneza alama, kisha zijaribu kwa mwaka mwingine

Ukiwa na matukio mengi unaweza kumwomba mtakwimu akutengenezee modeli, yaani hesabu ya kutabiri, na programu ya takwimu iitwayo R haiuzwi. Kanuni ya zamani ya mafundi wa takwimu ni matukio kumi hivi kwa kila kigezo. Ukiwa na matukio 20, usitumie vigezo zaidi ya viwili. Nimeona watu wakimwaga safu thelathini kwenye kompyuta na kupata jibu zuri sana ambalo halikumtabiri mtu yeyote mwaka uliofuata.

Kwa wengi wetu alama za mkono zinatosha. Mpe mtu alama moja kwa kila moja ya haya: aliwahi kushushwa chomboni au kulazwa ndani ya miaka miwili, anameza dawa kila siku, wengu limekua au aliwahi kutapika damu, presha imepanda katika vipimo viwili mfululizo. Kama ningeambiwa nibakize swali moja ningebakiza lile la kwanza. Lililomtoa mtu chomboni mwaka jana, mara nyingi ndilo litakalomtoa tena.

Na ule mfululizo wa vipimo ndio utajiri niliosema. Mtu ana 128/82, miaka miwili baadaye 136/86, miaka miwili mingine 144/92. Kila mara amegongewa mhuri wa kufaa, na kila mara kwa haki. Ukiziweka namba tatu mstari mmoja unaona anakokwenda.

Kisha jaribu. Tengeneza alama kwa miaka ya nyuma, zitumie kwa mwaka ambao hukuugusa. Tuseme zilikuonyesha watu 12, na watano kati yao wakapata tukio, huku walioupata kwa jumla ni 8. Umewaona watano, umewakosa watatu, na umewatia wasiwasi saba bure. Je, ni alama nzuri? Inategemea utawafanyia nini wale saba. Kama ni kurudi kupimwa baada ya miezi mitatu, hasara ni asubuhi moja. Kama ni kuwanyima kazi, umezivunjia riziki nyumba saba.

Tahadhari moja ya ufundi: usitumie kitu ulichokijua baada ya baharia kupanda chombo. Fomu iliyorekebishwa baada ya ugonjwa, mtu akaongeza "ana pumu" kwa kalamu nyingine, itakupa utabiri unaong'aa kwa sababu inajua jibu tayari. Weka tarehe kwa kila nyongeza.

Hatua ya saba: nani aone alama hizi

Baharia peke yake, na anayemtibu. Si mwenye chombo, si wakala wa ajira. Sisemi hivi kwa huruma tu. Siku mabaharia watakapojua kwamba alama zinafukuza watu, wataanza kuficha dawa na kuazima mkojo, na jedwali lako lote litakuwa uongo. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaziweka kumbukumbu za matibabu kati ya data zinazolindwa zaidi, kwa hiyo mweleze mtu kwa lugha anayoielewa unachotaka kufanya na data yake, na upate ridhaa yake. VVU usivifanye kigezo. Pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2010 linakataa kumlazimisha mfanyakazi au anayetafuta kazi kupimwa.

Mwenye chombo anaweza kupewa kitu kingine kinachomsaidia kweli: hesabu ya jumla isiyo na majina. Mwambie watu wake watatu wanahitaji dawa ya pumu, kwa hiyo sanduku la dawa liwe na kipulizio. Mwambie wanaotoka nyumbani ni wengi msimu huu, kwa hiyo kiwepo kipimo cha haraka cha malaria na dawa ya mseto, na ofisa afundishwe kuvitumia kabla meli haijang'oa nanga.

Kwa baharia andaa kadi ndogo ya plastiki ya mfukoni: maradhi yake, dawa na dozi, mzio, presha zake tatu za mwisho. Akiugua baharini, daktari wa redioni anapewa habari kamili. Kituo cha CIRM cha Roma, kwa mfano, kinatoa ushauri huo bila malipo tangu 1935, na swali lake la mapema ni lile lile la kwako: anameza dawa gani, aliwahi kuumwa nini?

Mazungumzo yenyewe yafanyike mlango umefungwa. Fundi wa injini mmoja aliniambia, "Musawo (daktari), mimi siumwi kitu."

"Sijasema unaumwa, mzee wangu. Tazama namba hizi tatu. Hii ya juzi, hii ya miaka miwili nyuma, hii ya kwanza kabisa."

Alizitazama muda mrefu, akafuata kwa kidole chenye grisi kutoka ya chini kwenda ya juu. Hakuuliza kama atapoteza kazi, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia kwamba karatasi ile haitoki chumbani. Aliuliza vidonge vya presha vinauzwa shilingi ngapi, na kama vinamezwa kabla ya chai au baada. Nikamwandikia tarehe ya kurudi, Jumanne ambayo chombo chake kingekuwa Portbell kikipakia.